Fungua Kapu Kabla ya Kulinunua: Mwongozo Kamili wa Kujenga Utajiri kwa Mifuko ya Fahirisi

Januari 2007, fahirisi ya hisa 20 ya Soko la Hisa la Nairobi, yaani namba moja inayojumlisha bei za hisa za kampuni 20, ilivuka pointi 6,000. Machi 2020 ilikuwa chini ya 2,000. Mtu aliyelinunua kapu zima la kampuni zile na kulifungia kabatini miaka 13 alikuta limebaki theluthi moja tu, ukiacha magawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa) aliyopokea njiani. Katika miaka hiyohiyo fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilianzia kwenye pointi kama 1,430, ikaporomoka kwa zaidi ya nusu, ikainuka, na hata ilipopigwa na korona mwezi Machi 2020 haikufunga siku hata moja chini ya 2,200.

Naanza na hesabu hizo mbili kwa sababu mitandaoni kuna ushauri mmoja unaorudiwa kama wimbo: "Nunua fahirisi, lala, amka tajiri." Nusu yake ni kweli. Mfuko wa fahirisi, yaani mfuko unaonunua hisa zote zilizomo kwenye fahirisi fulani, ni chombo bora sana kwa mtu wa kawaida asiye na muda wa kusoma taarifa za fedha za kampuni. Lakini fahirisi ni kapu, na makapu hayalingani. Kabla ya kununua, lifungue uone ndani mna nini.

Mwongozo huu nauandika nikiwa Dar es Salaam, kwa mtu mwenye mshahara au biashara ndogo inayoeleweka, anayeweza kutenga kiasi fulani kila mwezi kwa miaka 15 au zaidi. Si ushauri wa kisheria wala wa kodi. Nasimulia ninavyoielewa kazi hii baada ya kuifanya, na kuikosea.

Fahirisi ni nini hasa

Soko la hisa lina kampuni nyingi. Ukitaka kujua leo soko limeamkaje, huwezi kutazama bei moja moja. Kwa hiyo wataalamu huchagua kampuni kadhaa, wakazichanganya kwa kanuni maalumu, wakatoa namba moja. Namba hiyo ndiyo fahirisi. S&P 500 kwa sura yake ya kampuni 500 ilianza Machi 1957. Nairobi wana NSE 20 (ile niliyoanza nayo), NSE 25 na ile ya hisa zote, NASI. Dar es Salaam tuna DSEI, inayojumlisha kampuni zote zilizoorodheshwa pamoja na zile za Kenya zilizosajiliwa pia hapa, na TSI, ambayo ni ya kampuni za ndani peke yake.

Kwa miaka mingi fahirisi ilikuwa kipimo tu, kama kipimajoto. Mwaka 1976 Mmarekani John Bogle wa kampuni ya Vanguard alianzisha mfuko wa watu wa kawaida ambao haukujaribu kuchagua hisa nzuri. Ulinunua kila kilichomo kwenye S&P 500, basi. Walitarajia kukusanya dola milioni 150, wakapata kama milioni 11. Watu wa Wall Street waliuita upuuzi wa Bogle. Leo mifuko ya namna hiyo imebeba matrilioni ya dola.

Kwa nini wazo la kivivu namna hiyo liwashinde wasomi wenye kompyuta? Jibu liko kwenye hesabu ya darasa la saba. Wawekezaji wote tukijumlishwa pamoja, sisi ndio soko lenyewe. Nikipata zaidi ya soko, kuna mwenzangu amepata pungufu kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo, kabla ya ada, wastani wa wajanja wote ni sawa na soko. Sasa toa mishahara ya mameneja, ada za udalali, ofisi za ghorofani na matangazo ya runinga: wastani wao lazima ushuke chini ya soko. Mfuko wa fahirisi hautoi gharama hizo, kwa hiyo unawapita wengi wao bila kukimbia. Warren Buffett, mwekezaji bilionea wa Marekani, aliweka dau la dola milioni moja juu ya jambo hili, kuanzia 2008 hadi mwisho wa 2017: mfuko mmoja wa fahirisi dhidi ya makundi matano ya mifuko ya mabingwa. Fahirisi ilipanda kwa zaidi ya asilimia 125 katika miaka hiyo kumi, na hakuna hata kundi moja kati ya yale matano lililoifikia.

Hatua ya kwanza: ziba matundu ya ndoo

Hatua hii watu huiruka. Mtu ana mkopo wa simu, wale tunaowaita kausha damu, unaomla asilimia 10 kwa mwezi, halafu anauliza anunue hisa gani. Hakuna hisa duniani itakayomlipa asilimia 10 kila mwezi. Kulipa deni hilo ndio uwekezaji wake bora mwaka huu, na hauna hatari yoyote.

Likiisha deni, weka akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi. Akiba hii isiingie kwenye hisa kamwe. Tanzania iweke kwenye mfuko kama Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, Kenya kwenye mfuko wa soko la fedha, ile ambayo watu huiita tu MMF. Unaipata ndani ya siku chache, na inakua kidogo ikikusubiri. Na bima ya afya. Najua utaona ni jambo la pembeni, lakini nimeshaona jamaa wengi wakiuza hisa zao kwa bei ya kutupa, na mara nyingi chanzo kilikuwa bili ya hospitali wala si hofu ya soko.

Mimi mwenyewe vipande vyangu vya kwanza (sehemu unazonunua kwenye mfuko wa uwekezaji) niliviuza baada ya miaka miwili. Sababu? Mchango wa harusi. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati na aibu ilinishika. Ndoa ile bado ipo, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo michango ina bahasha yake na uwekezaji una yake, na hazikutani.

Kanuni ya muda ni rahisi: fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitano (ada ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwakani, msingi wa nyumba unaosubiri mvua iishe) haiendi kwenye hisa. Hisa ni kwa ajili ya fedha ambayo huna kazi nayo hadi mtoto wa darasa la pili amalize chuo.

Hatua ya pili: fanya hesabu, na utazame ada

Tuseme unaweka shilingi 100,000 kila mwezi, na kapu lako linakua kwa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka. Namba hiyo ni ya mfano, hakuna anayekuahidi. Baada ya miaka 20 utakuwa umeweka milioni 24, na kapu lina karibu milioni 76. Endelea hadi miaka 30: umeweka milioni 36, kapu lina milioni 226. Ile miaka kumi ya mwisho imeleta milioni 150, ingawa wewe umeongeza 12 tu. Ndiyo maana wanaoanza na 50,000 wakiwa na miaka 25 huwapita wanaoanza na 200,000 wakiwa na miaka 45. Anayetaka kukadiria kwa kichwa agawanye 72 kwa asilimia ya ukuaji: kwa asilimia 10, fedha inajirudia mara mbili kila baada ya miaka saba na kitu.

Sasa rudia hesabu ya miaka 30 kwa asilimia 8 badala ya 10, yaani mtu fulani anakata asilimia 2 kila mwaka kwa kazi ya kukusimamia. Kapu linakuwa na milioni 149. Ile "asilimia mbili tu" imekula milioni 77, theluthi nzima ya utajiri wako, kimya kimya, bila kukutumia hata ujumbe mfupi.

Jambo la pili ambalo wauzaji hulipitia haraka ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, zile milioni 226 za baada ya miaka 30 zitanunua vitu vya kama milioni 70 za leo. Bado ni fedha nzuri, ila si ile uliyoiota. Dawa yake ni kuongeza mchango kila mshahara unapopanda. Asiyeongeza anarudi nyuma huku akidhani amesimama.

Hatua ya tatu: lifungue kapu

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, kwa hiyo sitaharakisha.

Uliza kwanza: ndani mna kampuni ngapi, na tano kubwa zinabeba kiasi gani? Soko la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, leo lina karibu kampuni 30. Lakini uzito wa kampuni za ndani uko kwenye chache: benki za NMB na CRDB, TBL ya bia, TCC ya sigara, Vodacom ya simu, saruji ya Twiga. Baadhi ya hizo huzikuti kirahisi sokoni, maana mmiliki mkubwa ameshika sehemu kubwa na haiuzi. Nairobi kuna Safaricom. Kuna nyakati hisa hiyo moja imebeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Anayenunua "soko lote la Kenya" kwa uzito wa thamani, yaani kampuni kubwa zaidi ikichukua fedha nyingi zaidi, anashika kwa sehemu kubwa M-Pesa, na mabenki pembeni.

Sasa turudi kwa NSE 20. Ilianguka kwa sababu nyingi, zikiwamo wawekezaji wa nje kuondoka na uchumi kuyumba, lakini tazama pia kilichokuwa ndani. Mumias Sugar ilikuwa kipenzi cha wananchi mwaka 2007. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayeshika mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Kenya Airways nayo ilikuwa fahari ya taifa, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa 2020. Kapu la vyungu ishirini vyote vikiwa jiko moja: moto ukizidi vinaungua pamoja. Fahirisi hukutenganisha na kuanguka kwa kampuni moja. Kuanguka kwa nchi nzima au sekta nzima haikukingi nako.

Wala usidhani hili ni la Afrika peke yake. Nikkei ya Japani ilifika pointi 38,915 tarehe 29 Desemba 1989. Haikukipita kilele hicho hadi Februari 2024. Miaka 34! Na Japani si nchi maskini.

Swali la pili: kapu liko kwenye sarafu gani? Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,650 za Tanzania. Miaka kumi baadaye ilipita 2,600. Aliyekuwa na kapu la dola alipata nyongeza hiyo bila kufanya lolote. Lakini mwanzoni mwa 2024 Wakenya walionunua dola kwa shilingi 160 waliona zikishuka hadi karibu 130 ndani ya miezi michache. Sarafu hupiga pande zote mbili.

Swali la tatu: gawio linakwenda wapi? Fahirisi nyingi zinazotangazwa kwenye taarifa ya habari, NSE 20 ikiwamo, huhesabu bei tu. Kwenye masoko yetu, ambako kampuni hupenda kugawa faida, gawio ni sehemu kubwa ya pato. Ukilila kila mwaka, umelitoboa kapu.

La nne ni ada, na tayari tumeliona.

Hatua ya nne: chagua njia yako

*Vipande vya UTT AMIS, kwa anayeanzia sifuri.* Mfuko wa Umoja ulianzishwa 2005 na umechanganya hisa za Dar es Salaam na hatifungani, yaani mikopo ambayo serikali au kampuni huchukua kwa wawekezaji na kuilipia riba. Si mfuko wa fahirisi, kwa kuwa mameneja ndio wanaochagua, lakini ni binamu yake: unanunua kapu, bei ya kipande inatangazwa, na mtu mwenye simu na fedha kidogo anaweza kuingia. Fungua akaunti kwa kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki, kisha weka kila mwezi. Soma waraka wa mfuko, si kipeperushi. Tafuta ada ya kutoka, na tafuta ni asilimia ngapi imewekwa kwenye hisa. Ukiona karibu yote ni hatifungani, ujue umenunua utulivu zaidi ya ukuaji. Hakuna ubaya, ili mradi uwe unajua. Ziko pia kampuni binafsi zenye mifuko kama hiyo. Kabla ya kutuma hata shilingi, hakikisha zimo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

*Kapu lako mwenyewe la Dar es Salaam.* Unahitaji dalali aliyesajiliwa na namba ya CDS, ile inayoonyesha hisa ni zako. Siku hizi mambo mengi yanafanyika kwenye programu ya Hisa Kiganjani. Ada zote za kununua, kwa kiasi kidogo, hukaribia asilimia 2. Ina maana ukiuza na kununua tena umeacha kama asilimia 4 mezani. Kwa hiyo usiuze ili kusawazisha, yaani kurudisha uwiano wa kampuni ndani ya kapu. Sawazisha kwa fedha mpya: chagua kampuni tano au sita za sekta tofauti, amua hakuna itakayozidi asilimia 30 ya kapu, na kila robo mwaka fedha yako iende kwa ile iliyobaki nyuma. Nunua kwa bei uliyoitaja wewe, maana soko letu ni jembamba, wanunuzi na wauzaji ni wachache, na agizo la "bei yoyote" linaweza kukupandishia bei mwenyewe. Gawio likiingia, mara nyingi baada ya mikutano mikuu ya katikati ya mwaka na likiwa limeshakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, lirudishe kapuni siku hiyohiyo. Likilala kwenye simu halifiki Ijumaa.

Njia hii inataka moyo. CRDB iliuza hisa zake kwa umma 2009 kwa shilingi 150. Zilipanda hadi mamia kadhaa, zikarudi chini ya 150 miaka kumi baadaye, na wengi wakauza kwa hasira. Mwaka 2024 zilipita 600. Usifanye makosa ya kusoma hapo kwamba ukisubiri lazima upate. Aliyesubiri Mumias anasubiri bado.

*Kenya.* Utaratibu ni ule ule: dalali aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, akaunti ya CDS, kapu la kampuni za sekta tofauti. Nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya ndugu zangu wa Nairobi: MMF si mahali pa kukaa miaka 20. Ni ukumbi wa kusubiria. Riba yake hupanda na kushuka na riba za serikali, na ikishatolewa kodi na mfumuko wa bei, kinachobaki ni chembamba. Na ile ETF (mfuko unaouzwa sokoni kama hisa) ya NewGold iliyoorodheshwa Nairobi 2017 hufuata bei ya dhahabu. Ni nzuri kwa anayeitaka dhahabu, lakini dhahabu haizalishi gawio.

*Fahirisi ya dunia.* Njia hii ndiyo inayoitikia jina la mfuko wa fahirisi sawasawa, na ndiyo yenye mitego mingi. Wakazi wa Kenya hufungua akaunti kwa madalali wa kimataifa kama Interactive Brokers bila shida kubwa. Mtanzania anayeishi nchini anabanwa na kanuni za fedha za kigeni kuhusu kupeleka mtaji nje, kwa hiyo safari yake ianzie kwenye benki yake kwa swali la maandishi, si kwenye programu ya simu.

Ukishafika, usinunue mfuko wowote wenye jina zuri. Mifuko iliyosajiliwa Marekani, kama VOO, mfuko wa Vanguard wa fahirisi ileile ya kampuni 500, ina ada ndogo mno, asilimia 0.03 kwa mwaka, lakini kwa mtu asiye raia wala mkazi wa huko ina miiba miwili. Wa kwanza, gawio hukatwa asilimia 30, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani. Wa pili ni mkali zaidi: ukifariki ukiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, serikali yao inaweza kudai kodi ya mirathi inayofika asilimia 40. Fikiria mjane wako akisomewa barua hiyo.

Njia ya kukwepa ni halali na inajulikana: nunua mfuko uliosajiliwa Ireland na kuuzwa Soko la Hisa la London. Utautambua kwa msimbo wa ISIN, namba ya utambulisho wa kila mfuko, unaoanza na herufi IE. VWRA hufuata fahirisi ya dunia nzima, maelfu ya kampuni za nchi tajiri na zinazoinukia; CSPX hufuata S&P 500 kwa ada ya asilimia 0.07. Magawio ya kampuni za Marekani yanayoingia kwenye mifuko hiyo hukatwa asilimia 15 badala ya 30, na kodi ile ya mirathi haiigusi. Mifuko yote miwili hurudisha gawio ndani yenyewe, kwa hiyo hakuna gawio la kulila. Dalali atakutaka ujaze fomu ya W-8BEN, inayosema wewe si Mmarekani. Ijaze kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na uihuishe inapokwisha muda.

Kati ya hiyo miwili mimi hupendelea ya dunia nzima. Nikiulizwa sababu nawakumbusha Japani ya 1989: wakati ule kila mtu alijua mshindi ni nani.

Walio ughaibuni wana milango ambayo sisi hatuna, na inashangaza wangapi hawaigusi. Uingereza kuna ISA, akaunti ya akiba na uwekezaji inayokuruhusu kuweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka bila kodi ya faida. Marekani, kama mwajiri anaongeza fedha juu ya unayoweka kwenye 401(k), akaunti ya kustaafu ya kazini, kutoiweka ni kukataa mshahara. Lakini ukipanga kurudi nyumbani, angalia sheria za kodi za pande zote mbili kabla ya kubeba akaunti.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba: hatifungani na MMF za kawaida zinatoka kwenye meza, na hisa za mabenki ya kawaida pia, jambo linalopunguza sana kapu la Dar. Zipo fahirisi zinazochuja kampuni kwa vigezo vya sharia, na mifuko inayozifuata inauzwa London. Ada zake huwa juu kidogo, na kwa kuwa mabenki hayamo, uzito huegemea teknolojia. Jambo la vigezo mwulize mwanazuoni unayemwamini.

Hatua ya tano: fanya mkono wako usihusike

Weka agizo la kudumu benki: siku moja baada ya mshahara, kiasi kile kile, kila mwezi. Si tarehe 28 baada ya kuona kimebaki nini, maana hakibaki. Bei zikiwa juu fedha ile itanunua vipande vichache, zikiwa chini vingi, na hutahitaji kubashiri. Kwa njia ya nje ya nchi, ambako kuhamisha fedha kuna gharama ya kudumu, kusanya miezi mitatu upeleke kwa mkupuo mmoja.

Kisha acha kutazama. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Soko litaanguka, na ni bora ulijue leo. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2009 S&P 500 ilipoteza asilimia 57. Mwaka 2020 ilipoteza asilimia 34 ndani ya wiki tano. Siku hizo simu yako itajaa watu wanaosema safari hii ni tofauti. Andika sasa, ungali na akili timamu, karatasi yenye sentensi moja: "Soko likishuka kwa nusu, agizo langu la kila mwezi linaendelea." Weka sahihi. Kama ukiisoma sentensi hiyo tumbo linakukata, punguza sehemu ya hisa na uongeze hatifungani, maana kapu unaloweza kulivumilia ndilo lako. Hatifungani za serikali ya Tanzania huanzia shilingi milioni moja, zipo za hadi miaka 25, na hulipa mara mbili kwa mwaka.

Kuna simu ya aina nyingine pia, ile ya furaha. Jirani amepata mradi unaolipa asilimia 30 kwa mwezi. Waliokuwapo 2009 wanakumbuka DECI, mchezo wa upatu wa "panda mbegu uvune", na foleni za watu wazima wakilia nje ya ofisi zilizofungwa. Mfuko halali hauahidi faida ya uhakika, haukulipi kwa kuleta watu, na una jina kwenye orodha ya mamlaka. Kikikosekana kimoja, kata simu.

Na kiwanja? Nitaulizwa tu. Kiwanja ni kizuri, nami ninacho. Ila hakiwezi kununuliwa kwa 100,000 kila mwezi, hakiuzwi kwa siku tatu, na nusu ya uzuri wake ni kwamba bei yake haitangazwi kila jioni ukaingiwa na hofu. Ichukulie hisa yako kama kiwanja, utafika mbali.

Hatua ya sita: kutoka, na nani atapokea

Miaka mitano kabla ya kuhitaji fedha, anza kuhamisha sehemu kwa sehemu, moja ya tano kila mwaka, kutoka kwenye hisa kwenda kwenye hatifungani na mifuko tulivu. Usisubiri mwezi wa mwisho, maana mwezi huo unaweza kuwa Machi 2009.

Halafu jambo ambalo familia zetu huliogopa. Mali ya hisa haionekani. Nyumba ina paa, ng'ombe anapiga kelele, lakini namba ya CDS iko kwenye barua pepe ambayo nywila yake anaijua marehemu peke yake. Kenya wana mamlaka nzima ya kutunza mali zisizodaiwa, zikiwamo hisa na magawio ya watu ambao ndugu zao hawakujua. Jaza sehemu ya mrithi kwenye kila fomu. Tambua kwamba mara nyingi familia bado itahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa hiyo wosia ulioandikwa unawapunguzia miezi ya kuzunguka.

Chukua karatasi moja. Andika jina la dalali, namba ya CDS, namba ya akaunti ya vipande, jina la mfuko wa nje na ISIN yake, na benki yanakoingia magawio. Nywila usiziandike hapo. Yangu iko kwenye bahasha ya hati ya kiwanja, na mke wangu ameniambia mwandiko hausomeki, kwa hiyo Jumamosi hii naiandika upya kwa herufi kubwa.